Samaki wa Alfajiri

Mzee Mizani alikuwa ameacha kula chakula cha jioni, na sababu yake hakumwambia mtu. Si kwamba alikosa. Kabatini kulikuwa na mchele, maharage, mayai aliyoyapanga kwa tarehe, na mkate ndiyo usiseme, maana bintiye alifanya kazi kwenye tanuri la mikate na hakuja mikono mitupu. Sababu ilikuwa nyingine kabisa. Mzee alikuwa anakula alfajiri, usingizini, chakula kilichopikwa na mkewe. Na mkewe alikuwa amefariki, huu ukiwa mwezi wa kumi na moja tangu azikwe.

Msimcheke. Kuota kila mtu anaota, ila wengi wetu tunaota upuuzi, tunafukuzwa na mbwa, tunafanya mtihani bila kalamu. Yeye aliota jiko lake mwenyewe. Saa kumi na moja, kabla jua halijajitokeza, mlango wa jikoni unafunguka taratibu bila mkono, na ndani kuna mwanga mweupe kama maziwa yaliyochujwa. Sufuria inachemka. Mkewe, ambaye miaka yote mzee hakumwita jina lingine ila Mwenzangu, amesimama mbele ya jiko, amempa mgongo, kitambaa kichwani, kiwiko kinacheza kwa kukoroga. "Kaa, kinapoa," anasema. Mzee anakaa. Sahani inatua mbele yake, wali unafuka moshi, maharage vijiko sita, na juu yake kipande cha samaki cha katikati, kipana kama kiganja. Anakula mpaka anafuta sahani kwa kidole. Akiamka, amini usiamini, anacheua.

Kasoro ilikuwa moja tu. Mwenzangu hakugeuka. Kila alfajiri mzee aliutazama ule mgongo, akasubiri ageuke japo kidogo amwone uso, na kila alfajiri mgongo ukabaki mgongo. Alikuwa na kazi, anapika, angegeuka saa ngapi?

Enzi za uhai wake mambo yalikuwa kinyume. Akishapakua alikaa kwenye kiti cha pili, akaegemeza kidevu mkononi, akamkodolea macho mumewe tangu tonge la kwanza hadi la mwisho. Mzee ilimkera. "Tazama sahani yako, mama," alikuwa akimwambia. "Mimi si sinema." Naye Mwenzangu anacheka, na macho haondoi. Leo mzee angetoa chochote alicho nacho atazamwe hivyo dakika moja tu.

Sasa sikilizeni alivyogundua kwamba ndoto ile ina masharti. Wiki ya tatu baada ya mazishi, jirani alimhurumia akamletea bakuli zima la nyama na viazi jioni. Mzee akala, akashiba, akalala fofofo kama gunia. Alfajiri hakukuwa na jiko, hakukuwa na mwanga, hakukuwa na mtu. Kesho yake akanywa chai tupu akalala, na Mwenzangu huyo, kaja na sufuria yake. Mtu mwingine angesema ni bahati. Lakini huyu alikuwa mkaguzi wa mizani miaka thelathini na minne, akizunguka madukani na masokoni kupima kama kilo ya mwenye duka ni kilo kweli, na jambo lisilopimwa yeye halimwingii. Akapima. Siku tatu akala jioni, siku tatu asile. Akarudia. Jibu halikuyumba. Sahani ya jioni iko kwenye kitanga hiki cha mizani, Mwenzangu yuko kwenye kitanga kile, kimoja kikishuka kingine kinapaa. Basi akachagua kitanga chake, na mchana pia akapunguza, kwa usalama.

Ndivyo mbavu zilivyoanza kuhesabika.

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi mzee alikwenda kwenye kituo cha utafiti wa lishe. Kilikuwa jengo refu la ghorofa moja, korido yake imepakwa kijani hadi usawa wa bega na nyeupe kutoka hapo kwenda juu, viti vya plastiki vimefungwa pamoja visitembee. Pale walifuatilia familia, si mtu mmoja mmoja: mama mjamzito, mtoto akiwa tumboni, akinyonya, akienda shule, akawa mtu mzima, akazeeka. Walitaka kujua wanachokula watu leo kinawafanya nini miaka thelathini baadaye. Familia ya mzee iliingia wakati Mwenzangu ana mimba ya binti yao wa pekee. Mzee alijiunga alipostaafu, katika kundi la wazee. Na binti, ambaye sasa mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi saba, naye alikuwa amerudi kwenye orodha, kituo kilekile, korido ileile.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Mizani yako imeamkaje?"

Huyo aliyesalimia ni msichana wa kuhoji, ambaye wazee wote walimwita Bi Jana kwa sababu kutwa kucha swali lake ni moja: jana ulikula nini? Alikuwa mgeni pale, miezi sita tu, mwepesi wa kucheka, na kalamu tatu zimechomekwa kwenye nywele.

Mzee hakupanda mizani ya watu hivihivi. Alitoa mfukoni jiwe lake la shaba la kilo mbili, lile la kazini alilopewa siku ya kuagwa, akaliweka juu ya mizani ya kituo kwa heshima kama anaweka yai. Namba zikacheza zikatulia: mbili kamili. Akatikisa kichwa kukubali.

"Haya, babu, panda. Na jiwe lisirudi mfukoni kwanza."

"Ala! Mimi? Niibe kilo mbili uzeeni?"

Akapanda. Hamsini na moja na nusu. Mwezi uliopita ilikuwa hamsini na tatu. Bi Jana aliitazama namba, akamtazama mzee, akaandika.

Kisha wakaketi mezani. Juu ya meza kulikuwa na vyakula vya plastiki vya kulinganishia: vipande vya samaki vya saizi tatu, wali wa robo kikombe, wa nusu na wa kikombe kizima, vijiko, bakuli, ndizi ndogo na kubwa. Watoto wa kundi la shule walikuwa wameing'ata ile ndizi kubwa mpaka ikabaki na alama za meno.

"Tangu ulipoamka jana mpaka ulipoamka leo," Bi Jana alisoma kwenye fomu, neno kwa neno kama alivyofundishwa, "umekula nini na kunywa nini? Taja kila kitu, hata ulichoonja."

Hapo ndipo mzee alipojibanza. Swali lilisema tangu kuamka mpaka kuamka. Usingizi ulikuwa humohumo ndani. Halikusema ukiwa macho. Mwezi wa kwanza aliuliza, "Kila kitu?" na Bi Jana akajibu, "Kila kitu, babu," basi mzee akataja kila kitu, na hakuna aliyemzuia.

"Asubuhi chai, kikombe kimoja. Mkate, kipande kimoja. Mchana ndizi, ile ndogo. Jioni chai tena."

"Na alfajiri?" Bi Jana alishazoea kwamba huyu babu wake anakula alfajiri.

"Alfajiri, saa kumi na moja. Wali, kikombe hiki kizima. Maharage vijiko sita, vya kujaa. Samaki," akachagua kile kipande kikubwa cha plastiki, "huyu. Kipande cha katikati."

"Ulikula wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Na Mwenzangu."

Bi Jana akatia alama penye neno mwenzi, moyoni akifurahi kwamba kuna wanawake bado wanaamka saa kumi na moja kumpikia mtu samaki. Fomu haikuwa na mahali pa kuuliza kama mwenzi yuko hai. Mzee akaukunja uso kidogo, akatazama dirishani.

Siku hiyo hawakumwacha aende. Daktari mkuu wa utafiti alimwita chumbani kwake pamoja na bintiye, kwa kuwa binti naye alikuja kupimwa. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapokuwa na neno zito. Aliifuta muda mrefu.

"Mzee wangu, hesabu zako haziingiani," alisema. "Kwa chakula unachotaja, ungepaswa kuongezeka. Lakini mwili unapungua kama wa mtu anayeshinda njaa. Kilo tisa katika miezi sita. Nikiona hivyo nafikiria utumbo, kwamba chakula kinaingia lakini mwili haukipokei. Itabidi tuingize mpira wenye kamera tuangalie ndani."

"Ni nini hicho, Daktari?" binti aliuliza.

"Bado sijui. Maradhi mengine ya aina hii hutembea katika ukoo, ndiyo maana nimekuita na wewe. Usiogope kwanza."

Jamani, madaktari. Umwambie mtu mwenye mimba usiogope kwanza. Binti aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo lake, kama mtu anayezuia sufuria isimwagike, na hakuiondoa mpaka walipofika nje.

Walikaa kwenye benchi mbele ya kituo. Binti alitoa mkate mdogo wa siagi kwenye mkoba, akaumega, akautazama, akaurudisha kwenye karatasi.

"Kula, mwanangu," mzee alisema. "Una mtu wa kumlisha."

"Haupiti, baba. Tangu mwezi uliopita nakuona unavyoisha, na haupiti. Nikitia tonge mdomoni nafikiria hicho kinachokukula, kama ninacho na mimi. Kama ninampa na huyu." Akashusha sauti. "Leo nimepungua, unajua? Mimi, mwenye mimba ya miezi saba. Nimepungua nusu kilo."

Kumbukumbu ikamletea mzee muuza sukari mmoja wa zamani, mtu wa watu, aliyegandisha kipande cha risasi kidogo kama punje ya maharage chini ya kitanga. Mzee alipokibandua, yule bwana alicheka. "Mkaguzi, si punje tu hiyo?" Naye akamjibu kwa ukali, sokoni, mbele ya watu: "Punje leo, punje kesho, na mtoto wa mwenzio ndiye anayepungukiwa." Watu wakapiga makofi. Maneno yale alijisifia miaka. Sasa yalikuwa yamemrudia yeye, pale benchini, na bintiye ameshika mkate asioweza kuumeza.

Alfajiri iliyofuata mlango wa jikoni ulifunguka. Mwanga wa maziwa, sufuria, mgongo, kiwiko.

"Kaa, kinapoa."

Mzee hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti, akakishika kwa mikono miwili. "Mwenzangu," alisema, "mtoto hali."

Kijiko kikaacha kukoroga. Jiko zima likanyamaza, hata moshi ukawa kama umesimama hewani. Mzee alidhani sasa atageuka. Mwenzangu hakugeuka. Aliweka sahani mezani kwa kupeleka mkono nyuma, bila kutazama, akarudi kwenye sufuria. Mzee aliitazama ile sahani, wali na samaki wake, na kwa mara ya kwanza hakuigusa. Ikapoa. Mwanga ukapungua. Akaamka na njaa, njaa ya kweli, inayouma chini ya mbavu.

Saa mbili asubuhi alikuwa kituoni, na haikuwa siku yake. Alikuwa amempigia bintiye simu aje pia, na binti akaja mbio na mavazi ya kazi, unga mpaka kwenye viwiko, akidhani ni habari ya kifo. Mzee akawakalisha, yeye na Bi Jana, akalitoa jiwe la shaba akaliweka mezani katikati ya vyakula vya plastiki.

"Nifutieni," alisema. "Kila nilichosema cha alfajiri, kifuteni. Wali, maharage, samaki. Vyote nilikula usingizini."

Bi Jana hakuelewa. "Usingizini vipi, babu?"

"Naota. Mke wangu ananipikia. Alikufa mwaka huu unaokwisha."

Bi Jana akashika kichwa, kalamu moja ikaanguka. "Mungu wangu! Babu! Miezi sita nakuandikia samaki wa ndotoni? Nimewaingiza kwenye kompyuta! Nimewapimia gramu!"

"Ulisema kila kitu."

"Nilisema kila kitu, sikusema..." Akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, akainamia meza akicheka mpaka machozi, kwa mshtuko zaidi kuliko furaha. Aliponyanyua uso akamwona binti wa mzee, kicheko kikamkatika.

Binti hakucheka. "Kwa hiyo huumwi," alisema.

"Siumwi, mwanangu."

"Huna kitu tumboni."

"Sina kitu tumboni. Ndiyo ugonjwa wenyewe."

"Baba!" Alipiga meza, ndizi ya plastiki ikaruka. "Mwezi mzima silali! Najipapasa, nahesabu mtoto anavyocheza, najiaga mwenyewe! Kumbe unajinyima kwa makusudi? Kwa nini? Mkate ninaoleta unampa nani?"

"Mlinzi wa mtaani."

"Mlinzi! Ndiyo maana ananenepa!"

Mzee aliinamisha kichwa. Sauti ilitoka ndogo, si ile ya sokoni. "Nikila, haji," alisema. "Nimepima. Nikishiba, mama yako haji. Nikikaa na njaa anakuja kunipikia. Sina mahali pengine pa kumwona. Najua nimekosa, nimeweka dole gumba kwenye mizani na nyinyi mmepunjika. Kuanzia leo nitakula. Lakini msidhani ninachoacha ni kitu kidogo."

Binti akalia. Alilia kwa hasira kwanza, kisha kwa kumkosa mama yake, maana naye hakuwa na jiko la alfajiri, hakuna aliyemwotesha hata mgongo. "Na mimi je, baba?" alisema mwishowe. "Mimi niko hai. Mimi nakuja na mkate mchana kweupe, na wewe unanisubiri niondoke ukalale."

Mzee alinyoosha mkono akamfuta unga shavuni, akaupaka zaidi.

Bi Jana ndiye aliyesimama. Alikuwa ameifungua fomu upya, anaitazama namba ya familia iliyoandikwa juu. "Mama alikuwa mshiriki," alisema polepole. "Namba hii ilianza na yeye. Mafaili ya zamani hayajatupwa. Mtoto wake akitia sahihi, Daktari anaweza kuwaruhusu msome."

Daktari alisikiliza yote, akafuta miwani, akairudisha usoni, akaifuta tena. Neno la mpira na kamera hakulitaja. Alitoa funguo za stoo.

Faili lilikuwa la kahawia, kingo zimelainika kama kitambaa. Ndani kulikuwa na fomu za miaka thelathini na moja iliyopita, mwandiko wa wino wa buluu wa mhoji mwingine, Bi Jana wa enzi hizo. Bi Jana wa leo akasoma kwa sauti, na chumba kikaingiwa na ubaridi mtamu, kama dirisha limefunguliwa upande wa zamani.

"Mama mjamzito, mwezi wa saba. Tangu ulipoamka jana mpaka ulipoamka leo. Asubuhi, chai na mkate nusu kipande. Mchana, wali kikombe kimoja, maharage vijiko viwili, samaki..." Akasita. "Samaki, mkia."

"Mkia?" mzee alisema.

"Mkia. Na fomu hii ya pili, mkia. Ya tatu, mkia." Alifunua. "Kuna maneno pembeni, mhoji ameandika. 'Ameulizwa kwa nini mkia tu. Anasema kipande cha katikati ni cha mume wake, anatembea jua zima akipima mizani za watu. Anasema huyo bwana hali asipotazamwa. Ukimwacha anasahau, anazungumza, anaondoka. Ukimkazia macho anamaliza sahani upesi ili ayakimbie macho. Ameshauriwa apumzike wakati wa kula. Amecheka. Amesema ndiyo mapumziko yake hayo: akishazima jiko, akae amtazame. Anasema siku nzima hutamani kufika hapo.'"

Mzee alishika ukingo wa meza. Miaka thelathini alidhani anachunguzwa. Kumbe alikuwa analishwa mara mbili, kwa mkono na kwa macho, na yeye anajibu mimi si sinema. Alitaka kumwomba radhi, na aliyestahili kuombwa hayupo. Basi akalia mbele ya wanawake wale wawili bila kuficha uso, mkaguzi mzima.

Mchana huo binti alimfuata nyumbani. Akakaanga mayai manne, akakata mkate, akaivuta meza karibu na dirisha. Akampa mawili, akajipa mawili. Kisha, bila kujua anafanya nini, akaegemeza kidevu mkononi akamtazama baba yake.

Maneno yalifika hadi kwenye meno ya mzee. Akayameza pamoja na yai. "Tazama tu," alisema. "Lakini na wewe ule."

Wakala wote wawili mpaka sahani zikang'aa. Jioni mzee akapika wali wake mwenyewe, akala akiwa amekaza moyo kama mtu anayekunywa dawa chungu, na akalala akijua anachokipoteza.

Hakuja. Alfajiri ile, na ya pili, na ya kumi. Mzee aliamka saa kumi na moja kwa mazoea, akatazama mlango wa jikoni, mlango wa kweli wenye kitasa kilicholegea, nao ulikuwa umefungwa. Uchungu wake hausimuliki. Mara mbili alisimama mbele ya sahani ya jioni na kuwaza, leo tu, niiache leo tu. Mara zote mbili akala. Ahadi kwake ilikuwa kama jiwe lake, haipungui kwa sababu mwenye nayo amechoka.

Kituoni walibadilisha fomu. Kila swali sasa lilikuwa na maneno mawili zaidi: ukiwa macho. Wazee wa kundi wakashangaa, wakaulizana ni nani basi anayekula amelala, na Bi Jana anakohoa tu anachezea kalamu zake.

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu mzee alikuja kituoni na watu wawili. Binti alitembea polepole, na mikononi alikuwa na kichanga cha siku tisa, kimefungwa shuka jeupe, uso umekunjamana kwa hasira za kuzaliwa. Mzee hakuruhusu kiwekwe kwenye mizani ya watoto kabla hajatua jiwe lake la shaba. Mbili kamili. Jiwe likatoka, mtoto akaingia, akapiga kelele, mizani ikasoma kilo tatu na gramu mia mbili.

"Na huyu jana alikula nini?" mzee aliuliza kwa sauti ya kiofisi.

"Maziwa," binti alisema. "Na alfajiri maziwa. Na sasa hivi anataka maziwa."

Mzee akapanda mwenyewe. Hamsini na sita. Bi Jana akapiga kofi moja dogo, akamkalisha mezani mbele ya samaki wa plastiki na ile ndizi yenye meno. Binti akakaa pembeni ananyonyesha.

"Tangu ulipoamka jana mpaka ulipoamka leo, ukiwa macho, umekula nini na kunywa nini?"

Mzee akataja. Chai na maziwa. Mkate vipande vitatu. Mchana maharage, mboga za majani, ndizi kubwa. Jioni wali kikombe kizima, na samaki, akaweka kidole kwenye kipande cha katikati, halafu akakisogeza kile cha mkia karibu. "Na huyu. Siku hizi nakula na mkia."

Bi Jana aliandika yote. Alipofika mwisho alipaswa kuifunga fomu. Hakuifunga. Alimtazama mzee, kwa kuwa leo mzee alikuwa ametulia kwa namna nyingine, kama mtu aliyerudi kutoka safari nzuri na bado hajafungua mizigo.

"Na alfajiri, babu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Alfajiri sikula kitu," mzee alisema. "Nilikuta jiko limezimwa. Sufuria zimeoshwa, zimefunikwa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha pili, kidevu mkononi, ananitazama."